Namna ya Kujenga Imani na Utulivu wa Mgonjwa Wodini: Mwongozo kwa Wauguzi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mgonjwa anayelazwa katika hospitali kubwa za Mwanza mara nyingi huwa ameshapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kukifikia kitanda chake. Mkazi wa kisiwa cha Ukara, kwa mfano, huanzia zahanati au kituo cha afya, akavuka kwa kivuko hadi Ukerewe, akaonwa Nansio, kisha akapanda meli ya saa tatu au zaidi hadi bandari ya Mwanza, akiwa na barua ya rufaa mkononi na ndugu mmoja aliyeacha shughuli zake ili amsindikize. Huko kote ameshachomwa sindano, ameulizwa maswali yaleyale, na pengine ameambiwa maneno yasiyolingana kuhusu ugonjwa wake. Anapofikishwa Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, au kwenye kilima cha Bugando ambako hospitali ya rufaa ya kanda imekuwa ikipokea wagonjwa tangu mwaka 1971, huwa amechoka, hana anayemjua, na hana hakika kama atarudi kwake akiwa mzima. Daktari atamwona wakati wa raundi na kuendelea na wengine. Anayebaki naye mchana na usiku, anayemgusa, anayempa dawa na kumsikia akiugulia saa nane za usiku, ni muuguzi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya muuguzi huyo, hasa aliyemaliza chuo hivi karibuni na kupangiwa wodi ya watu wazima. Hoja ninayoisimamia ni moja: mgonjwa humwamini muuguzi ambaye maneno yake hutimia. Tabasamu lina nafasi yake, na upole wa sauti una nafasi yake, lakini mgonjwa aliyeambiwa kwamba sindano itauma kwa muda mfupi kisha itapoa, na ikawa hivyo, akaambiwa kwamba muuguzi atarudi saa kumi, naye akarudi saa kumi, huyo ndiye anayeacha kuukaza mwili wake anapoguswa na kuanza kusema yanayomsumbua kweli. Maelekezo yote yafuatayo yanahusu namna ya kulifanya neno la muuguzi liwe la kutegemewa.

Robo saa ya kwanza

Mgonjwa akifikishwa wodini, salimia kabla ya kufungua faili. Watu wa kanda hii, wawe Wasukuma, Wakerewe, Wajita au Wahaya, wamelelewa kuupima utu wa mtu kwa salamu yake, na mzee aliyepitwa bila shikamoo hatakuwa tayari kukuambia baadaye kwamba amejikojolea kitandani. Muuguzi asiye Msukuma akijifunza tu kusema “mwangaluka” asubuhi na “mwadila” mchana, na akangoja jibu mpaka liishe, ataona namna uso wa bibi aliyetoka Kwimba au Magu unavyofunguka. Vuta kiti, au inama, ili macho yenu yalingane. Mtu aliyelala akiongeleshwa na mtu aliyesimama juu yake hujibu kwa kifupi, na majibu mafupi huficha dalili.

Jitambulishe kwa jina na kwa kazi, ueleze zamu yako inaisha saa ngapi na nani atakupokea. Kisha muulize angependa kuitwa nani. Jambo hili linahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mama mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye kitambulisho cha taifa, jingine la ubatizo kwenye barua ya rufaa, na nyumbani kwake akaitwa Mama Kulwa na kila mtu. Katika mazungumzo, mwite anavyopenda. Katika dawa, damu na vipimo, tumia majina kamili pamoja na namba ya faili, na umwombe ayataje yeye mwenyewe badala ya wewe kumsomea naye akaitikia, kwa maana mgonjwa mwenye homa kali au asiyesikia vizuri huitikia jina lolote. Mweleze sababu: “Mama Kulwa, nakufahamu vizuri, lakini kila ninapoleta dawa nitakuomba utaje majina yako yote, ili dawa ya mtu mwingine isije ikakufikia wewe.” Asipoelezwa hudhani kwamba kila zamu imemsahau. Kumwita mtu “kitanda namba saba” au “yule wa kisukari” husikika wodi nzima, na kila anayesikia hujua naye anavyotajwa asipokuwapo.

Kabla hujamwacha, muonyeshe choo na maji yalipo, mtajie saa za kuona wagonjwa, mwambie ndugu yake anaruhusiwa kukaa wapi, na umweleze waziwazi atamwitaje muuguzi usiku. Hofu nyingi za usiku wa kwanza hutokana na mambo haya madogo ambayo hakuna aliyeyataja.

Lugha, na nani atafsiri

Wapo wazee, na hasa kina bibi wa vijijini, ambao Kiswahili chao kinatosha sokoni lakini hakitoshi kueleza maumivu ya tumbo. Ukiona mgonjwa anaitikia “ndiyo” kwa kila swali, chukulia kwamba hajakuelewa. Tafuta mtumishi anayejua lugha yake, naye aombe ridhaa ya mgonjwa kabla ya kuanza. Usimtumie mjukuu mdogo kutafsiri habari za hedhi au za mkojo wa bibi yake, wala jirani wa kitanda cha pili ambaye kesho atakuwa na habari zote za mwenzake. Mume akijibu kila swali linaloulizwa kwa mkewe, msikilize kwa heshima, kisha utafute nafasi ya kumwosha au kumpima mgonjwa nyuma ya pazia na umuulize tena yeye peke yake.

Ukimaliza kueleza, usiulize “umeelewa?” kwa sababu swali hilo halina jibu lingine ila ndiyo. Sema, “Bibi, nikishaondoka mwanao akikuuliza nimesema nini kuhusu dawa hizi, utamwambiaje?” Kile atakachokisema ndicho alichokielewa, na kilichopotoka utakirekebisha papo hapo bila kumuaibisha.

Sema kabla ya kutenda

Hiki ndicho kiini cha kazi yote, nami ningemwomba muuguzi mgeni akizingatie hata kama mengine yatamponyoka. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji wenyewe walikuwa na hekima yao, maana mgonjwa aliyeulizwa hukataa asiwasumbue watu. Lakini kwa sindano, kwa mpira wa mkojo, kwa kufunuliwa nguo na kuguswa kidonda, mgonjwa huulizwa, huelezwa, na husubiriwa akubali.

Maelezo mazuri yana mambo manne: unachotaka kufanya, kwa nini unakifanya, atakavyojisikia, na afanye nini akishindwa kuvumilia. Chukua mfano wa kanula. “Baba, nataka kukuwekea kanula hapa mkononi ili dawa zipite bila kukuchoma kila mara. Utasikia uchungu wakati sindano inaingia, halafu sindano nitaitoa na utabaki mrija mwembamba laini. Nikijaribu mara mbili bila kuupata mshipa, sitaendelea, nitamwita mwenzangu. Ukitaka nisimame, niambie.” Maneno haya huchukua chini ya dakika moja, nayo humwachia mgonjwa mambo matatu ya kuhakiki: kwamba uchungu ulikuja na kupita, kwamba sindano ilitoka, na kwamba ulisimama ulipoombwa kusimama. Kumwambia “haiumi hata kidogo” ni kuitumia imani yake yote kwa sindano moja, na ya pili hatakuamini.

Katika kutoa damu, usiudharau wasiwasi wa watu. Wapo wanaoamini kwamba damu inayochukuliwa huuzwa, au kwamba mwili uliokwisha kudhoofika hauwezi kuirudisha. Muonyeshe kichupa kabla ya kukijaza, umwambie kwamba kichupa kimoja cha vipimo kwa kawaida hujaa kwa damu isiyozidi kijiko kimoja cha chai, wakati mwili wa mtu mzima una takriban lita 5, na mtajie kipimo kinachokwenda kufanywa. Majibu yakirudi, mpelekee. Damu iliyochukuliwa Jumatatu na isizungumzwe tena hadi Ijumaa ndiyo inayozaa uvumi, na uvumi huo huuondoa muuguzi kwa kurudi na majibu, hata kama majibu yenyewe ni kwamba maabara bado haijamaliza.

Oksijeni ina hofu yake ya pekee. Familia nyingi huamini kwamba anayewekewa oksijeni hawezi kupona, kwa sababu yule waliyemwona nayo alikuwa mahututi na akafariki nayo. Kuwakemea hakusaidii. Weka kipimo cha kidoleni mbele ya ndugu, asome mwenyewe namba ya kiwango cha oksijeni katika damu kabla ya mashine kuwashwa, kisha asome tena baada ya dakika kadhaa. Akiona 86 ikipanda hadi 94, na akamwona mgonjwa wake ameacha kutweta, atawaeleza ndugu wengine vizuri kuliko wewe. Vivyo hivyo katika kuongezewa damu: mwambie mapema kwamba utakaa naye dakika 15 za mwanzo ukimpima joto, mapigo na presha, kwamba ndivyo kila mgonjwa anavyofanyiwa, na kwamba akisikia baridi, kuwashwa, kubanwa kifua au maumivu ya kiuno aseme mara moja. Asipojua sababu, kukaa kwako kando yake humtisha.

Mgonjwa anayesubiri upasuaji hufungishwa chakula, na hapo ndipo imani nyingi huvunjika. Kwa kawaida mtu mzima huacha chakula kwa saa 6 na maji matupu kwa saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, isipokuwa daktari wa usingizi ameagiza vingine. Zamu ya chumba cha upasuaji ikisogezwa mbele, muuguzi wa wodi awe wa kwanza kumwambia mgonjwa, aulize kama anaweza kunywa au kula, na amletee jibu. Mzee anayekaa na njaa mpaka jioni, kisha akasikia kwa mfagiaji kwamba upasuaji umeahirishwa, hana sababu ya kuamini tena tarehe yoyote atakayopewa.

Ahadi ndogo za siku nzima

Neno “nakuja sasa hivi” ni ugonjwa wa wodi zetu. Husemwa kwa nia njema na muuguzi mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake, lakini anayelisikia huanza kuhesabu dakika, na dakika zikizidi huhesabu jambo jingine, yaani thamani yake machoni pako. Badala yake taja saa unayoweza kuitimiza: “Namaliza kumfunga kidonda mama wa pale dirishani, nitafika kwako kabla ya saa tano.” Ukiona saa tano inakaribia na hujamaliza, pita hata kwa nusu dakika umwambie umechelewa na utafika lini. Kurudi mikono mitupu huhesabika kuwa umerudi.

Pitia vitanda vyote kwa utaratibu, angalau kila baada ya saa moja au mbili kadiri idadi ya wagonjwa inavyoruhusu, bila kusubiri kuitwa. Uliza kuhusu maumivu, uliza kama anahitaji kujisaidia, mgeuze au mwekee mto vizuri, na hakikisha maji yake na simu yake viko karibu na mkono. Mgonjwa anayejua kwamba utapita tena haiti kwa hofu, wala hashuki kitandani peke yake kwenda chooni na kuanguka.

Nawa mikono pale anapokuona. Kupaka dawa ya mikono huchukua sekunde 20 hadi 30, na kunawa kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60. Hizo ni sekunde ambazo mgonjwa hukutazama akiamua kama uko makini.

Kukabidhiana zamu kufanyike kando ya kitanda, mgonjwa akisikia jina la anayempokea na mambo yanayomsubiri, naye apewe nafasi ya kuongeza lililosahaulika. Ahadi uliyoitoa na ambayo hukuitimiza iandikwe na ikabidhiwe kama dawa inavyokabidhiwa. Yale yasiyopaswa kusikiwa na majirani, kama hali ya maambukizi ya VVU au majibu ambayo mgonjwa mwenyewe hajaelezwa, yakabidhiwe mezani kwa wauguzi na si pale kitandani. Na kunong’ona miguuni mwa kitanda kuachwe kabisa, kwa kuwa mgonjwa atakayeona midomo ikicheza na macho yakimwelekea atajitungia ugonjwa mbaya kuliko alio nao.

Maumivu huaminiwa

Maumivu ni yale anayosema mgonjwa kwamba anayo. Muulize ayapime kuanzia 0, yaani hakuna, hadi 10, yaani makali kuliko yote anayoweza kuyafikiria, na uandike namba hiyo kwenye chati pamoja na presha na joto. Kwa mtoto tumia michoro ya nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Kwa mtu mzima wa huku kwetu, hasa mwanaume aliyezoea kuvuta nyavu za sangara au kulima kutwa nzima, usitegemee kilio, kwa sababu amefundishwa tangu utotoni kwamba kulia ni aibu. Tazama taya zilizokazwa, jasho, ngumi iliyoshika ukingo wa kitanda, na namna anavyokataa kugeuzwa.

Wenye sikoseli wanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa aina hii na wengi wao ni vijana wanaolazwa mara kwa mara. Kijana anayejua jina la dawa inayomsaidia na dozi yake hajawa mlevi wa dawa, bali ameujua ugonjwa aliozaliwa nao. Akitiliwa shaka na kuachwa asubiri, hujifunza kupiga kelele mapema ili asikiwe, kisha kelele hizo zikatumiwa kama ushahidi dhidi yake. Mpe dawa iliyoagizwa kwa saa iliyoagizwa, bila kungoja maumivu yarudi yakiwa makali, mpe maji ya kutosha kama daktari alivyoelekeza, umkinge na baridi.

Kisha rudi. Baada ya dawa ya mshipani rudi ndani ya nusu saa, na baada ya vidonge rudi baada ya saa moja, uulize namba imekuwa ngapi. Kati ya yote yanayohusu maumivu, naona hili la kurudi ndilo linaloachwa zaidi, ilhali ndilo linalomwonyesha mgonjwa kwamba ulitoa dawa ukitaka apate nafuu, na si ili uweke alama kwenye chati. Dawa isipofanya kazi, mpigie daktari simu, na umwambie mgonjwa kwamba umempigia.

Sitara na siri

Vuta pazia au weka skrini kabla ya kufunua nguo, na kama wodi imejaa na skrini hazitoshi, mwombe ndugu ashike khanga upande wa njia. Funua sehemu unayoihudumia tu. Mama akiona haya kuhudumiwa na muuguzi wa kiume, au mzee akiona haya kuoshwa na binti wa rika la mjukuu wake, ulizeni anachopendelea na mbadilishane kazi inapowezekana. Isipowezekana mweleze kwa nini, umpe kitambaa ajisitiri na umwachie aoshe mwenyewe sehemu anazoweza. Mgonjwa anayetumia beseni kitandani asifunguliwe pazia na mtu yeyote, hata daktari, kabla hajamaliza.

Siri ina sheria yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya VVU, na maadili ya kazi yanayosimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania yanalinda habari zote za mgonjwa. Katika maisha ya wodi, mtihani hauji kwa sura ya sheria. Huja kwa sura ya shemeji mwenye heshima anayekusimamisha koridoni na kuuliza kwa upole, “Sista, huyu hasa anaumwa nini?” Jibu liwe la upole vilevile: “Shemeji, habari zake anazo yeye mwenyewe, twende kwake, akiridhia nitaeleza mbele yake.” Mwanza ni jiji kubwa, lakini watu wa Igoma, Kirumba au Nyakato wanajuana kwa ukoo, kwa kanisa, kwa msikiti na kwa kazi, na siri iliyotoka wodini asubuhi hufika nyumbani kabla ya mgonjwa.

Dawa za kienyeji

Uliza kila anayelazwa kama ametumia mitishamba, na uulize kwa namna isiyomfanya adanganye: “Watu wengi wanaanza na dawa za nyumbani kabla ya kuja hapa, nasi tukizijua tunapanga vizuri dawa zetu. Wewe ulitumia zipi?” Habari hiyo ni ya lazima. Baadhi ya dawa hizo huumiza figo na ini, na zile ambazo wajawazito hupewa ili kuharakisha uchungu zinaweza kuleta mikazo mikali mno inayohatarisha mtoto na mfuko wa uzazi wenyewe. Anayedhihakiwa kwa sababu ya mganga wake hunyamaza, kisha ndugu humletea chupa wakati wa kuona wagonjwa, ikafichwa chini ya mto. Anayeheshimiwa hukuonyesha chupa hiyo, ndipo mnapoweza kuzungumza na kukubaliana aiache mpaka matibabu yaishe.

Ndugu, na habari za fedha

Wodi zetu hutegemea ndugu. Wao ndio wanaoleta uji, wanaofua, wanaokimbilia dawa zisizokuwapo, na wanaokesha. Wafundishe kazi badala ya kuwafukuza tu. Ndugu aliyeonyeshwa namna ya kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa 2, na kwa nini makalio, visigino na mgongo huota vidonda akiachwa upande mmoja, atalifanya hilo kwa bidii kubwa. Ila wajibu unabaki wako, naye asiachiwe kazi za kitaalamu kama kurekebisha dripu au kutoa dawa. Mwombe mgonjwa amchague ndugu mmoja wa kupokea maelezo, ili familia isipate habari tano tofauti kutoka kwa wauguzi watano.

Kuhusu fedha, semeni waziwazi na mapema. Mgonjwa aelezwe bima yake inagharamia nini, dawa gani haipo hospitalini na atainunua wapi, na malipo yote yanafanyika dirishani kwa risiti. Muuguzi asipokee fedha mkononi kwa sababu yoyote, hata kama ni ya kumsaidia mgonjwa kununua kitu nje, kwa sababu anayetazama kutoka kitanda cha pili haoni msaada, anaona rushwa. Mgonjwa asiyejiweza usisubiri aadhirike siku ya kuruhusiwa. Mpeleke mapema kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kutathmini maombi ya msamaha wa matibabu. Nimeona mara nyingi kwamba mgonjwa anayekataa kula hana tatizo la tumbo, bali anahesabu bili na kuwaza ng’ombe watakaouzwa.

Usiku

Panga kazi ili dawa na vipimo vya usiku viende pamoja, usimwamshe mtu mara tatu kwa mambo yanayofanyika mara moja. Funga vyandarua kabla mbu hawajaingia, punguza taa, vaa viatu visivyolia, na mazungumzo ya mezani yafanywe kwa sauti ya chini. Unapompima aliyelala, mguse begani na umtaje jina kabla ya kumvika kitambaa cha presha. Anayeogopa kulala kwa sababu jirani yake amefariki siku hiyo aambiwe wazi kwamba unajua anachowaza, na aelezwe kwamba ugonjwa wake na wa marehemu si mmoja, kama ndivyo ilivyo.

Habari nzito

Matokeo mabaya huelezwa na daktari, lakini muuguzi awepo, kwa kuwa maswali ya kweli huulizwa baada ya daktari kuondoka. Akiuliza “Nitapona?” nawe unajua hali ni ngumu, usimwahidi kupona. Muulize daktari alimwelezaje na yeye alielewa nini, msikilize, kisha mwahidi yale yaliyo mikononi mwako: kwamba maumivu yatadhibitiwa kadiri iwezekanavyo, kwamba hataachwa peke yake, kwamba padri, mchungaji au shehe ataitwa akimhitaji. Akifariki, ndugu waelezwe mahali penye faragha, waruhusiwe kumwona, na waelekezwe hatua za kuuchukua mwili, hasa wanaotakiwa kuusafirisha kwa meli au kuvuka hadi visiwani.

Siku ya kuruhusiwa

Usimkabidhi mgonjwa bahasha za dawa zilizoandikwa 1×3 ukadhani umemaliza. Kutwa mara tatu ni kila baada ya saa 8, nawe umsaidie kuzipachika saa hizo kwenye siku yake: alfajiri kabla ya kwenda shamba, saa nane mchana, kabla ya kulala. Mweleze dalili tatu au nne za hatari ambazo akiziona asisubiri tarehe ya kliniki, na umpe barua ya zahanati ya kwao ili kidonda kifungwe huko bila kulazimika kupanda gari hadi mjini kila mara.

Tarehe ya kurudi ipangwe pamoja naye. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa kutumia taa, naye hupumzika mbalamwezi inapong’aa. Ukimpangia kliniki katikati ya giza, umemlazimisha achague kati ya dawa na chakula cha watoto. Mkulima wa pamba naye hawezi kuondoka wakati wa kuvuna na kuuza. Fungua kalenda mbele yake, mtafute siku anayoweza kuja, kisha andika kwenye kadi jina la kliniki, tarehe, saa ya kufika na mlango wa kuingilia, pamoja na namba ya simu ya wodi ya kupiga endapo meli itaahirishwa.